Maneno Niliyoyafunika kwa Rangi Nyeupe kwenye Bamba la Papa Ngoy

Leo nimejivunjia heshima kwa mkono wangu mwenyewe, mchana, mbele ya watu waliovaa nguo zao za Jumapili. Ninawaandikia ninyi, wachoraji wenzangu wastaafu wa mitambo, kabla hamjafikiwa na maneno ya mitaani. Someni polepole. Nimeyapanga kama yalivyofuatana.

Rafiki yangu Papa Ngoy, mshonaji wa mtaa wa Bel-Air hapa Lubumbashi, alifariki mwaka jana. Wengi wenu mlivaa kazi ya mikono yake. (Mimi alinishonea suti tatu. Moja ilinibana kwapani tangu siku ya kwanza, lakini marehemu hasemwi.) Familia iliamua kwamba, baada ya kumaliza kilio, kaburi lake liwekewe bamba la shaba. Walikataa saruji. Walikataa bati lililopakwa rangi. Mtu aliyekula, akalala na akazaa watoto juu ya shaba ya Katanga, walisema, hawezi kuwekewa bati.

Mjane wake, Mama Véro, akaniita nyumbani kwake na kunikabidhi kazi ya kuchora bamba. Hakusema mengi. Alisema kwamba wajukuu wake wadogo hawakumjua babu yao, na kwamba siku wakikua watamjua kwa kusoma bamba lile, kwa hiyo liseme kweli. Nikamjibu kwamba kwa neno "kweli" alikuwa amefika kwa mtu anayefaa.

Kwa wale walioacha kazi kabla ya kompyuta kuingia ofisini, nieleze jinsi bamba linavyotengenezwa siku hizi. Zamani tulimpelekea mchonga modeli karatasi, naye akachonga mbao. Wachonga modeli wamekwisha. Wa mwisho niliyemjua sasa anafuga kuku. Leo unachora kwenye kompyuta mchoro wa vekta, yaani mchoro ambao kila herufi ni mpaka uliofungwa, wala si madoa ya rangi kama picha. Faili hilo linaingizwa katika programu ya CAD. Humo mipaka yako inainuliwa na kupewa unene. Kisha printa ya 3D inaijenga modeli kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Modeli inapelekwa kwa fundi wa kusubu. Anaibonyeza kwenye mchanga, anaitoa, na anamimina shaba pale ilipolala. Kila kilichoinuka kwenye plastiki kitainuka kwenye shaba, na kitabaki pale sisi sote tukiwa tumekwisha kuoza.

Mwenye printa ni Solange, mhandisi mwanamke, mwenye karakana yake ndogo nyuma ya duka la dawa huko Kampemba. Ni mtu makini. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona, alinionya jambo moja, nami nataka kulieleza kwa haki.

"Papa," aliniambia, "ile programu haionake rangi. Inaona paka mistari tu. Munilete mchoro safi, kwani bantu mingi banakosaka pale."

Nikamwuliza ni nani aliyesema hivyo.

"Banasemaka tu, Papa. Njo ginsi iko."

Nilimweleza kwa upole kwamba "banasemaka" si chanzo. Nilimwomba mwongozo wa programu, sura na ukurasa. Aliahidi kuutafuta. Hakuutafuta, na sasa naona hakuwa na sababu ya kuutafuta. Yeye alikuwa anajua tayari.

Badala ya kusikiliza, nikafundisha. Nilimpa kanuni ya ofisi yetu, ile mliyoishi nayo ninyi nyote: mchoro wenye sahihi haubadilishwi na karakana. Nikamsimulia juu ya fundi mmoja aliyeamua "kusaidia" mchoro wangu kwa kusogeza tundu moja upana wa kidole, na pampu ikakataa kukaa juu ya msingi wake mpaka msingi ukavunjwa. Nikamwambia kwamba nikishaandika *Bon pour exécution*, yaani mchoro uko tayari kutekelezwa, na kutia sahihi chini yake, yeye anatekeleza. Haongezi mstari. Hapunguzi mstari. Hapigi simu.

"Na kama minaona kosa, Papa?"

Nikamwambia kosa halitakuwapo.

Siku mbili baadaye Papa Déo, mdogo wake marehemu na msemaji wa familia, akaniletea maandishi ya bamba kwenye karatasi ya daftari la shule. Mistari minne. Wa kwanza, jina. Wa pili, miaka ya kuzaliwa na kufa. Wa tatu, kazi yake. Mstari wa nne ulisema: "Alitoka Mitwaba mpaka Lubumbashi kwa miguu, na cherehani kichwani."

Hadithi hii mnaijua. Nimeisikia kwenye harusi, nimeisikia kwenye vilio, na marehemu mwenyewe aliisimulia kila alipompima mteja mpya, hasa alipofika kiunoni. Lakini kuisikia kinywani mwa mtu ni jambo moja, na kuimimina kwa shaba ni jambo lingine. Nilichukua ramani na rula. Nikapima njia yote, mamia ya kilomita, pamoja na kona zake. Kisha nikaazima cherehani ya jirani, ile ya zamani ya chuma, nikaibeba hadi kwa mfanyabiashara wa maharagwe, mtu wa Kivu ya Kaskazini mwenye mizani mikubwa, nikaipima. (Aliniruhusu bila kuuliza neno. Baadaye akauliza naiuza kwa kilo au kwa ujumla.) Nikarudi nayo nyumbani mikononi, mtaa mmoja tu, nikapumzika mara tatu. Nikaanza kuwa na mashaka.

Mtu mwenye mashaka hutafuta mashahidi. Nikaomba niwahoji wazee wa familia, mmoja mmoja, sebuleni kwa Mama Véro, nikiwa na daftari langu. Walikuja wanaume watano kwa muda wa siku mbili. Papa Déo alikiri kwamba wakati wa safari ile alikuwa bado ananyonya. Wa pili alisema safari ilianzia Kambove, si Mitwaba. Wa tatu alikuwa na hakika kwamba haikuwa cherehani bali baiskeli, na kwamba marehemu alikuwa ameipanda. Wa nne alinisimulia kila kitu huku machozi yakimtoka, mvua, matope, nyoka aliyevuka njia, mpaka kalamu yangu ikalowa huruma. Nilipomwuliza yeye alikuwa wapi wakati huo, ikabainika alikuwa hajazaliwa. Wa tano hakujibu swali. Aliniuliza kama ninataka kusema kaka yake alikuwa mwongo.

Mama Véro alileta chai siku zote mbili. Nilimshukuru na kuendelea na kazi.

Usiku sikuandika lolote. Niliandika asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia. Chini ya mstari wa nne, ndani ya mchoro wenyewe, niliweka maoni kwa herufi ndogo, kama tulivyofunzwa, pamoja na herufi za kwanza za jina langu, kwa kuwa maoni yasiyo na mwenyewe ni umbea: "Nani aliona? Ushahidi hakuna. A.M."

Papa Déo alipokuja kuuliza kazi imefikia wapi, nikamwambia wazi kwamba mstari wa nne hauna mguu wa kusimamia. Alikaa. Alivua kofia. Kisha akaniambia:

"Kaka Anaclet, shiye hatuko ku tribinali. Tuko ku kilio."

Nikalegea. Nakiri nililegea. Nilimwambia mahakama imefungwa na mstari utabaki.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mwelewe kwamba sikukosea kwa uzembe. Nilikosea kwa mazoea mazuri. Ofisini kwetu maoni ya mchoraji hayakufutwa kamwe. Yalipakwa rangi nyeupe, basi, ili mchoro uende safi karakanani, na ili atakayekuja baada yetu, akiwa na shaka, akwangue kwa wembe na kusoma tulichokifikiri. Wangapi kati yenu mliokolewa na maoni yaliyokuwa chini ya rangi? Basi nami sikuyafuta yangu. Nilichora mstatili juu yake, nikaujaza rangi nyeupe, nikauondolea mstari wa pembeni. Kwenye kioo cha kompyuta hapakubaki kitu. Weupe juu ya weupe. Nilijiona nimemridhisha Papa Déo bila kuisaliti dhamiri yangu. (Mtu akijiona mwungwana na mkweli kwa pamoja, na aangalie nyuma yake.)

Kisha nikafuata mwongozo, maana mwongozo wa programu ya kuchorea ninao, nimeusoma wote. Unasema kwamba kabla ya kulipeleka faili kwenye CAD, uchague vitu vyote na kuzigeuza herufi ziwe mipaka. Nikachagua vyote. Nikageuza. Nikahifadhi kwenye flashi. Nikachapa nakala moja ya karatasi, safi kama shuka la hospitali, nikaandika chini yake *Bon pour exécution*, nikatia sahihi. Nikampelekea Solange vyote viwili.

Jana alasiri nilipaswa kwenda kuikagua modeli. Hiyo nayo ni kanuni: kitu hakitoki karakanani bila jicho la mchoraji. Lakini umeme ulikatika Kampemba wakati printa ikiwa katikati ya kazi, na ikabidi aanze upya. Asubuhi ya leo akanitumia ujumbe kwamba modeli imetoka, ameipulizia rangi ya shaba ili familia waione kama itakavyokuwa, na kwamba anaileta moja kwa moja Bel-Air kwa pikipiki, kwa sababu muda umekwisha.

Nilifika kabla yake. Nilikuwa nimevaa suti, ile inayobana. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vimepangwa, katekista ameketi mbele. Familia ilitaka kuiona modeli leo, iikubali, na Jumatatu iende kwa fundi wa kusubu. Solange akashuka na mzigo wake umefungwa kwenye kitenge. Nikanyoosha mikono. Papa Déo akawahi kuupokea, akauweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, akaufunika tena vizuri. Nikamnong'oneza kwamba ningependa kutazama kidogo tu. Akanishangaa. Aliniambia kwamba kitu cha marehemu hakifunuliwi na mtu yeyote kabla ya mjane. Alikuwa na haki. Nikakaa.

Katekista akaomba. Kisha Papa Déo akasimama kuhutubia, na kwa bahati mbaya akaanza na mimi. Aliwaambia watu kwamba mchoro umefanywa na Papa Anaclet, mtu aliyechora mitambo mikubwa maisha yake yote, mtu mgumu, mtu wa daftari.

"Huyu," alisema, "haandikake kintu chenye hajahakikisha."

Watu wakanigeukia. Nikasimama, nikainama kidogo. (Ndiyo. Niliinama.)

Mama Véro akafunua kitenge.

Nitasema jambo moja kwa ajili ya kumbukumbu: herufi zilikuwa nzuri. Jua liliingia kutoka ubavuni, kila herufi ikaweka kivuli chake. Mama Véro alipitisha vidole juu ya jina la mume wake, polepole, kama mtu anayekagua mshono. Kina mama wakaanza kulia kidogo, kile kilio cha chini kisicho na maneno. Nilikuwa nimekaa mbali, miwani yangu ni ya kusomea, na sikuona chochote zaidi.

Papa Déo akalisoma bamba kwa wote. Ana sauti ya mimbari. Akasoma jina. Akasoma miaka. Akasoma kazi. Akasoma mstari wa nne, Mitwaba, miguu, cherehani, na ua wote ukaguna kwa heshima. Hapo alipaswa kuacha. Lakini mtu anayesoma kwa sauti ile haachi wakati herufi bado zipo.

"Nani aliona," akasoma.

Nadhani aliona ni maneno ya kuinua roho, kama yale ya wahubiri. Akajaza kifua, akaongeza sauti.

"Ushahidi hakuna."

Watu wawili wa nyuma wakaitikia, "Amina."

Kisha akasoma, sasa kwa sauti iliyoanza kushuka ngazi: "A. M."

Nilisikia turubai likipigapiga kamba.

Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeuona ufa wa ukuta aliokuwa akiuegemea. Nyeupe ni rangi. CAD haijui rangi. Inajua mipaka tu. Maneno yangu yalikuwa na mipaka, ikainuliwa. Na mstatili niliouchora ili kuyaficha nao ulikuwa na mipaka, tena iliyonyooka kuliko yote, ikainuliwa pia. Yale maoni sasa yalikuwa ndani ya fremu. Jina la marehemu halikuwa na fremu. Miaka yake haikuwa na fremu. Mashaka yangu ndiyo yaliyojengewa nyumba.

Papa Déo akauliza, bila kumtazama mtu, A.M. ni nani. Lilikuwa swali la adabu. Katika ua ule alikuwapo A.M. mmoja, na alikuwa ametoka kuinama.

Nikasema kwamba huenda kuna hitilafu ya karakana. Mniwie radhi, nilisema hivyo. Solange hakubishana nami. Alifungua mkoba, akatoa karatasi yangu yenye sahihi, akaionyesha.

"Papa aliniambia nisiguse hata mustari moja," alisema. "Na nisipige simu. Sinyatire yake njo hii."

Akaeleza kwamba alipoliingiza faili aliyaona maneno yale, akashangaa, akashika simu anipigie, kisha akaikumbuka kanuni yangu, akairudisha simu mezani. Alidhani ni maneno ya Biblia asiyoyajua. Shangazi mmoja wa marehemu akaanza kutikisika nyuma ya kitenge alichojifunika uso. Hakuwa analia.

Papa Déo alikuwa amebadilika rangi. Aliniuliza kama nimekuja nyumbani kwa kaka yake, nimekula chakula chake, ili nimwite mwongo juu ya kaburi lake kwa herufi za shaba. Nikasimama kujibu. Nikawaeleza mchoro wa vekta ni nini. Nikawaeleza tofauti ya mpaka na rangi ya kujazia. Nikawaeleza desturi ya rangi nyeupe na wembe. Katika maisha yangu sijawahi kufafanua jambo kwa usahihi kama ule, wala kusikilizwa na watu wachache kama wale. Katekista tu ndiye aliyetikisa kichwa, nadhani kwa kunionea huruma.

Mama Véro alikuwa bado ameweka mkono juu ya modeli. Alikuwa anasoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Alipomaliza akaniita jina.

"Papa Anaclet. Munauliza nani aliona?"

Nikasema ndiyo, niliuliza, lakini kwamba sikukusudia.

"Miye," alisema. "Nilikuwaka pale. Mashini alibebaka yeye, ku kichwa. Meza yake njo nilibebaka miye."

Akaendelea, bila ukali, kama mtu anayekumbusha bei ya kitambaa.

"Muliuliza banaume tano, humu mu nyumba yangu. Miye mulinirudishia paka vikombe tu."

Hapo hakuna aliyecheka, hata shangazi.

Wachoraji wenzangu, nimesimama mbele ya wakurugenzi wenye hasira. Nimewahi kuambiwa na mzungu kwamba sijui kupima, nikampimia mbele yake mpaka akaomba radhi. Sikuwahi kusimama kama nilivyosimama leo, mtu mwenye daftari lenye mashahidi watano, asiye na shahidi.

Nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nilitoa daftari, nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamwomba aseme tangu mwanzo. Papa Déo alitaka kuzuia. Mama Véro akamwambia akae, naye akakaa.

Walikuwa wameoana mwezi mmoja tu. Cherehani ilikuwa ya mjomba wa marehemu, aliyekuwa mgonjwa na aliyesema: ikifika mjini ni yako, ikirudi ni yangu. Hawakuwa na nauli. Waliondoka alfajiri, mume mbele na kichwa cha mashine juu ya kata ya majani, mkewe nyuma na meza iliyofungwa mgongoni, miguu ya chuma ikimgonga nyonga kila hatua. Kila walipofika kijiji, waliweka meza chini, mashine juu ya meza, na mumewe akashona viraka vya watu kwa ajili ya chakula na mahali pa kulala. Hilo sikuwahi kulisikia. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, kwa kuwa lilijibu hesabu yangu yote: hakuna mtu anayeweza kubeba chuma kile siku nyingi bila kupumzika, na wao hawakubeba siku nyingi bila kupumzika. Walishona njia nzima.

Kisha akasema jambo ambalo lilimwinamisha Papa Déo badala yangu. Hawakutembea mpaka Lubumbashi. Walipokaribia Kambove Mama Véro aliumwa tumbo. Ilikuwa mimba ya kwanza, na hakuwa anajua. Lori la makaa likawapakia, wakaingia mjini wakiwa weusi kama moto uliozimika.

Nikamwuliza, kwa heshima, kwa nini basi miaka yote ile, mumewe alipokuwa akisimulia bila lori na bila meza, yeye hakumsahihisha.

"Alikuwa anasimuliaka muzuri," alisema.

Nilimsomea maneno yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Akanisahihisha mahali pamoja: niliandika kwamba meza ilikuwa nzito, yeye akasema hakulalamika uzito, alilalamika kelele. Nikarekebisha. Na kuna jambo moja lililotokea kwenye mto fulani. Alinisimulia kwa sauti ya chini, akiwa ameinama kwangu ili wengine wasisikie. Nilipoinua kalamu, akaweka mkono wake juu ya daftari.

"Ile usiandike. Ile iko yangu."

Kwa hiyo siliandiki. Ni kweli ya kwanza maishani mwangu ambayo nimeikataa nikiwa na shahidi mbele yangu.

Bamba litasema hivi, na familia imekubali, Papa Déo wa mwisho: "Alitoka Mitwaba na cherehani kichwani. Mkewe Véronique alibeba meza. Walishona njiani." Fremu imefutwa pamoja na maneno yangu. Nasema imefutwa, haikufunikwa. Alasiri hii nilikaa na Solange mbele ya kompyuta yake, akaliingiza faili jipya nikiwa ninatazama, akazima rangi zote, tukahesabu mipaka mmoja baada ya mwingine mpaka hesabu yetu ikalingana. Alinipa karatasi nitie sahihi. Nikamwambia atangulie yeye. Akatia. Chini yake nikatia yangu.

Naomba msicheke. Na atakayesimulia kisa hiki mahali pengine, aseme kwanza, kwa sauti inayosikika, kwamba yeye hakuwapo.